Waya Mrefu wa Kusikilizia

Antena ninayoiamini kuliko zote haina sura ya kupigwa picha. Ni waya wa uzio, ule mwembamba unaozungushiwa mashamba ya mifugo, umepitishwa juu ya vijiti vya mvinje kwa kimo cha mtu aliyenyoosha mkono juu. Unaanzia nyuma ya nyumba, unakatiza shamba la mihogo la jirani kwa ruhusa yake, na kuishia vichakani mita mia mbili na ushei mbele. Huko mwisho umefungwa rezista, kizuizi kidogo cha umeme, na rezista imeungwa na vyuma vilivyopigiliwa ardhini. Hakuna zaidi. Hautumi neno hata moja hewani, maana si wa kutangazia. Ni wa kupokelea tu.

Mama mwenye mihogo aliutazama ukivutwa, kisha akaniuliza, "Baba, kamba yote hii, nguo zenyewe ziko wapi?"

Mimi ni mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu anayewasiliana na wenzake kwa redio yake mwenyewe, kwa mapenzi tu na si kwa biashara. Naishi kando ya hori la Kilifi, na kilichoniteka ni bendi za chini, zinazoitwa kwa urefu wa wimbi lake: mita 40, mita 80, na hasa mita 160, ambayo wenyewe huiita Topu Bendi. Huko ndiko nimejifunza jambo ambalo wanaoanza hawapendi kuambiwa. Kwenye bendi hizi kusikika ni kazi nyepesi. Kazi ni kusikia. Mtu anapata leseni, ananunua amplifaya, anasimamisha mlingoti, halafu anaita usiku kucha na kudhani hajibiwi. Anajibiwa. Ila jibu limezama kwenye kelele zake mwenyewe.

Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye redio ya betri anajua kuwa usiku redio hubadilika tabia. Mchana unapata stesheni ya karibu, na giza likiingia zinamiminika za mbali. Sababu iko kilomita 60 hadi 90 juu ya vichwa vyetu, kwenye tabaka la anga linaloitwa D. Jua ndilo linaloliumba, na kazi yake kubwa ni kuyanywa mawimbi ya masafa ya chini. Unywaji wenyewe ni wa kikatili: ukishusha masafa kwa nusu, upotevu hupanda mara nne kwa hesabu ya desibeli, kipimo cha nguvu ya ishara. Kutoka megahezi 7.2 hadi 1.8, yaani kutoka mita 40 hadi mita 160, ni mara kumi na sita. Kwa hiyo adhuhuri wimbi la mita 160 linalopanda kutoka kwangu hufia njiani, kabla ya kulifikia tabaka la F lililo kilomita 250 hadi 400 juu, ambalo ndilo lingelirudisha chini mbali huko. Jua likizama D hutoweka upesi, F hubaki, na njia hufunguka.

Taabu ni kwamba njia hiyo haichagui abiria. Usiku huo huo unaoniletea Japani huniletea pia radi za nusu ya Afrika. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na Ziwa Victoria lina desturi yake ya kuchafuka usiku, wakati nchi kavu inayolizunguka imetulia. Umeme wa radi hutoa mawimbi ya kila aina, lakini nguvu yake kubwa iko masafa ya chini, yale yale ninayosikilizia. Radi ikipiga ziwani, mimi pwani naisikia kwenye spika, na inapopiga hapo hapo katikati ya herufi ya Morse ya mtu wa Osaka, herufi imekwenda.

Wataalamu wa utangazaji walilijua hili zamani. Ndiyo maana Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulizitengea nchi za joto bendi zao za pekee, za mita 120, 90 na 60. Mawimbi ya kati yaliyoitosha Ulaya, kwetu yalikuwa yanafunikwa na mikwaruzo ya radi. Aliyewahi kuisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kilohezi 5050 alikuwa anasikiliza dawa ya ugonjwa huu, ingawa hakuna aliyemwambia. Sisi wa mita 160 tumerudi kwa hiari yetu mahali watangazaji walipokimbia.

Siku hizi radi zina washirika. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, televisheni, na zaidi ya yote vidhibiti vya paneli za sola ambavyo sasa viko kila paa. Kila kimoja kinapiga kelele yake kwenye kilohezi 1800 na kuendelea. Vikombe vya nguzo za umeme navyo, vikishashika chumvi ya bahari, huanza kutoa cheche usiku wenye umande. Huenda nikawa mtu pekee mtaani anayefurahi umeme unapokatika. Kijiji kizima kinaguna, mimi nakimbilia kwenye redio yenye betri, kwa sababu sindano ya kelele imeshuka na sasa kuna sauti ambazo dakika moja iliyopita hazikuwepo.

Kuhusu kutuma, hesabu inaanza na urefu. Antena ya dipoli, nusu ya wimbi, unaipata kwa kugawa 143 kwa megahezi. Mita 40 inataka waya wa mita 20, ambao unaingia kwenye ua wowote. Mita 80 inataka mita 40. Mita 160 inataka mita 78, na hapo watu huanza kukuna kichwa. Urefu wenyewe si tatizo, maana waya unaweza kuukunja. Tatizo ni kimo. Ili dipoli irushe mawimbi yake chini, karibu na upeo wa macho, ambako ndiko safari za mbali huanzia, inatakiwa iwe juu kwa kadiri ya nusu wimbi. Kwa mita 160 hiyo ni mita 80 kwenda juu, na sijaona mnazi wa namna hiyo. Ukiifunga kwenye mita 15, nguvu yote inakwenda utosini: utaongea vizuri na Nairobi na Dodoma, na Japani hawatajua kama umezaliwa.

Kwa hiyo unasimamisha waya wima. Robo ya wimbi ni kama mita 39, na kwa kuwa hiyo nayo ni ndefu, wengi wetu tunatumia L iliyogeuzwa: waya unapanda wima kadiri mti unavyoruhusu, halafu unalala kwenda mti wa pili. Wangu unapanda mita 18 kwenye mnazi na kulala mita 21 kuelekea mvinje.

Mkwezi aliyenifungia ni mzee aliyeanza kukwea kabla sijazaliwa. Nilimpa kapi na kamba ya nailoni, nikamwomba aikaze sana.

"Mwanangu," akasema kutoka juu, "mnazi hucheza. Ukiukaza leo, kusi ikianza utaukuta chini."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Kwenye jahazi hamna kamba inayofungwa ikawa imekufa. Achia mwisho wake, tundika kitu kizito."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Kamba inapita kwenye kapi, na mwisho wake umebeba ndoo ya mchanga inayopanda na kushuka minazi inapoyumba. Vitabu vya antena vinalisema jambo hilo hilo, kurasa nyingi baadaye.

Antena ya wima inadai kitu kingine ambacho hakionekani, nacho ni ardhi. Umeme unaoingia kwenye waya lazima upate pa kurudia, na njia ya kurudi ni udongo. L yangu, kwa kimo chake, ina ukinzani wa kutoa mawimbi kama omu 14. Ikiwa ardhi nayo ina ukinzani wa omu 14, basi nusu ya wati zangu inapasha joto mchanga na kaa. Dawa ni kutandaza nyaya chini kutoka shinani kuelekea pande zote, rediali, nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Huku kwetu chini ni mwamba wa matumbawe, mkavu, mgumu kupigilia, na mbovu kwa kupitisha umeme. Lakini mita chache mbele ni matope ya hori, na maji ya bahari hupitisha umeme mara elfu moja na zaidi kuliko udongo wa kawaida. Antena ya wima iliyo ukingoni mwa maji ya chumvi hutoa mawimbi yanayoondoka chini kabisa, karibu na upeo wa macho, yale yanayosafiri. Ndiyo maana mnazi niliouchagua ni ule wa mwisho, unaolowa miguu wakati wa bamvua. Chumvi hiyo hiyo hula viungio vya shaba mpaka vikageuka unga wa kijani, na shaba yenyewe ina wapenzi wengi wenye mizani za vyuma chakavu, kwa hiyo rediali zangu zina ngozi ya plastiki ya rangi ya udongo na sizitangazi.

Kwa wati 100 na antena hiyo, nasikika. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Alama za wito za kwetu, 5Z ya Kenya, 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 9U ya Burundi, ni chache sana kwenye mita 160. Ukijitokeza, Ulaya nzima inakurukia kwa pamoja. Kama husikii vizuri, unaita tena na tena juu ya watu wanaokujibu, na wanakuchukia. Wanaredio wa ridhaa wana jina la mtu wa namna hiyo, wanamwita mamba: mdomo mkubwa, masikio madogo.

Wa kwanza kulionyesha jambo hili kwa vitendo alikuwa Mmarekani aitwaye Paul Godley, na kwa kweli habari yake ndiyo iliyonifanya nianze kuvuta waya. Mwaka 1921 wanaridhaa wa Marekani walikuwa wanabishana na wenzao wa Uingereza kama vituo vyao vidogo vingeweza kuvuka Atlantiki. Walikuwa wamesukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 na chini yake, yaliyohesabiwa kuwa hayana faida kwa biashara. Jaribio la Februari mwaka huo halikuleta kitu: hakuna aliyesikia. Wamarekani wakaamua kwamba pengine hitilafu haikuwa kwenye kutuma. Chama chao, ARRL, kikamtuma Godley na mashine zake za kupokelea avuke bahari kwa meli, akasikilize.

Godley aliishia Ardrossan, pwani ya Scotland, ndani ya hema, kwenye uwanja wenye upepo karibu na bahari, mwezi wa Desemba, mvua na baridi juu yake. Hakubeba mtambo wa kutuma mawimbi. Alibeba mashine za kupokelea zilizokuwa bora kwa wakati ule, na alivuta waya mrefu wa karibu mita 400 juu ya nguzo fupi za mita tatu na kitu, ukielekea Marekani. Ulikuwa uvumbuzi mpya. Harold Beverage alikuwa amepata hati yake ya ubunifu Juni mwaka huo huo, na waya wa aina hiyo hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Ndani ya siku chache alikuwa amesikia vituo vya Marekani zaidi ya viwili vitatu vya kubahatisha, vilikuwa makumi. Tarehe 12 Desemba 1921 alipokea ujumbe kamili kutoka kituo 1BCG cha Greenwich, Connecticut, kilichojengwa na wanachama wa Radio Club of America, mvumbuzi Edwin Armstrong akiwemo, kikitumia mawimbi ya mita 230 hivi. Wanaridhaa kadhaa wa Uingereza nao walivisikia vituo vya Marekani kwa vifaa vyao. Mazungumzo ya kwenda na kurudi yalingoja hadi Novemba 1923, Léon Deloy wa Nice alipojibizana na Fred Schnell wa Connecticut, safari hii wakiwa wameshuka kwenye mita 110 hivi. Historia humkumbuka zaidi aliyetuma. Mimi namkumbuka mtu wa hemani, ambaye hakutuma hata nukta moja.

Waya wa Beverage unafanya kazi kwa namna inayopingana na kila nilichosema kuhusu kutuma. Wimbi linaposafiri juu ya ardhi mbovu, sehemu yake ya chini hukokotwa na udongo, basi wimbi zima huinama kidogo mbele. Mwinamo huo ndio unaosukuma umeme kwenye waya uliolala, hatua kwa hatua, wimbi na umeme vikienda pamoja hadi mwisho wenye redio. Yanayotoka nyuma nayo hujikusanya vivyo hivyo, lakini yanaishia kwenye ile rezista ya vichakani, ya omu 450 au karibu na hapo, na kugeuka joto. Yanayotoka ubavuni hufutana yenyewe. Unabaki na upande mmoja wa dunia.

Sasa angalia kichekesho chake. Juu ya maji ya chumvi wimbi haliinami, kwa hiyo Beverage haifanyi kitu. Inataka ardhi duni, kavu, yenye mawe. Mwamba ule ule wa matumbawe unaonitesa kwa rediali ni mahali pazuri kabisa pa kuvutia waya wa kusikilizia. Hori la kutuma, matumbawe ya kupokea: sijui kama kuna mtu aliyepangiwa kiwanja vizuri kuliko mimi, na hakukuwa na ujanja wangu ndani yake.

Watu huuliza kama waya huo unaongeza sauti. Haiongezi, inaipunguza sana, mpaka wengine huweka kikuza sauti kidogo mbele ya redio. Ila kelele inapungua zaidi. Kwenye L ya mnazini, mtu wa Tokyo na radi ya Kongo wote wananguruma. Kwenye waya wa mihogo wote ni wanyonge, lakini mtu wa Tokyo yuko juu ya radi. Uwiano huo ndio kila kitu.

Waya wangu unaelekea kaskazini-mashariki. Mbele yake ni Arabia, Bara Hindi, China na Japani, na Ziwa Victoria na Kongo viko nyuma na ubavuni mwake. Kwa aliye pwani ya Afrika Mashariki, Japani ni zawadi ya jiografia: kilomita elfu kumi na moja, na kelele zote kubwa ziko nyuma yako. Marekani ya mashariki ni kesi nyingine. Boston iko kilomita elfu kumi na mbili kaskazini-magharibi, si mbali kuizidi Japani kwa kiasi cha kutisha, lakini mstari wake unapita karibu mno na ziwa. Ukielekeza masikio Boston, unayaelekeza pia kwenye dhoruba.

Mambo haya yote yanakwenda kwa jua, na hapa saa ya Kiswahili inanisaidia kuliko ile ya kimataifa tunayoandikia kwenye daftari. Kwa saa yetu, saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza, mwaka mzima, kwa tofauti ya dakika chache tu. Na kuipata kutoka saa ya UTC ni kutoa tatu. Desemba, njia ya Japani iko gizani pande zote mbili kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi karibu saa saba kasorobo usiku, jua linapochomoza Tokyo. Dakika za mwisho hizo, kabla upande mmoja haujapambazuka, sauti mara nyingi hupanda ghafla kisha ikakatika. Boston giza linawaingilia kwetu ikiwa saa sita na robo usiku, na tuna hadi alfajiri yetu, saa kumi na mbili na dakika kumi. Ni saa hizo hizo ambazo ziwa limewaka.

Kusini mwa California ni kilomita karibu elfu kumi na sita. Mstari unapanda Ulaya Magharibi, unapita kusini kidogo mwa Greenland na kuingia Kanada, ndani ya ukanda wa mianga ya kaskazini ambako mawimbi ya chini hunywewa kila jua linapotupa dhoruba zake. Desemba tuna giza la pamoja la saa mbili na nusu hivi. Juni ni kama dakika ishirini. Kwenye mita 40 naongea nao. Kwenye mita 160 bado, na sina haraka, ingawa alfajiri nyingi za Januari mke wangu ameniuliza kama kweli sina haraka.

Kuna njia ya mkato. Tangu 2017 tuna FT8, mfumo wa kidijitali uliobuniwa na Joe Taylor, mwanafizikia mwenye Tuzo ya Nobel ya 1993, pamoja na Steve Franke. Kompyuta hutuma kwa zamu za sekunde 15 na kuzoa ishara ambazo sikio halizisikii kabisa. Kwa mita 160 umeleta nchi ambazo wazee wa Topu Bendi walizingoja kwa miaka. Naitumia, na sina ugomvi na wanaoitumia tu. Ila kwa Morse najua ni nani: huyu mkono wake una haraka, yule huburuza mstari wa mwisho. Kompyuta inaniletea alama ya wito na namba ya desibeli. Na hata hiyo kompyuta, ukiilisha kelele za L badala ya waya wa Beverage, inakosa watu.

Kwa asiye na mita mia mbili za ardhi, ipo fremu ndogo ya waya iitwayo K9AY, nguzo moja ya mita saba na nusu na waya wa mita 25 au 26 wenye umbo la pembetatu, inayogeuzwa upande kwa swichi. Haifikii Beverage. Kwa ua wa Mombasa au Temeke, ni bora mara nyingi kuliko kusikiliza kwa antena ya kutuma.

Jua lina mzunguko wake wa kuchafuka na kutulia, wa miaka kumi na moja hivi, na kilele cha mzunguko wa 25 kilikuwa 2024. Bendi za juu zilinoga, na bendi za chini zikapata usiku mwingi mbaya. Sasa jua linatulia, na miaka ya kuelekea chini ndiyo miaka yetu: dhoruba chache, kaskazini penye utulivu, njia ndefu zinazodumu. Nataka waya wa pili kabla ya Desemba, wa kaskazini-magharibi, mrefu zaidi, ili usikie upande mwembamba zaidi wa dunia na mdomo ubaki Marekani. Kwenye karatasi nimeandika mita 320. Ardhini zinapita kwenye mashamba matatu, njia ya ng'ombe na uwanja wa mpira wa watoto, na hao wa mpira ndio wenye masharti magumu: wanataka waya upite juu ya goli.